Waya wa Kukatia Sabuni

...basi chai ikishamiminwa bibi atasema, atavuta kigoda mbele ya kile kinasa sauti na kusema mbele ya mgeni, maana jambo lenyewe amekaa nalo kifuani tangu ujana na leo limemfika hapa, kooni, ila kifuniko cha chupa ya chai nacho kimekaza, na mtangazaji, kijana wa watu mwenye nywele mpaka mabegani, amemwinamia mume wake kama mtu anayenyolewa, "Mzee Pengo, sisi wapiga gitaa wa roki wote tumezaliwa kwenye lile pengo lako, hata huko ng'ambo vijana wananunua gitaa la umeme jipya na kabla hawajaligusa wanang'oa waya wa tatu kwa koleo, ili lilie kama lako, sasa leo tuambie, mzee wangu, kwa nini uliung'oa?", hee, ati uliung'oa, na mzee anafumba macho, mke anakujua kufumba huko, ndivyo alivyofumba kwenye majalada ya santuri zote, "Mwanangu, ule waya niliutoa kwa ajili ya mwanamke," na moyo wa bibi mzima ukamruka kama wa kigori, kifuniko kikaachia, chai ikamwagikia kwenye kisahani, kumbe anajua, kumbe siku zote alikuwa anajua... "yule mwimbaji wetu, aliponikataa mara ya kwanza, nikasema kama mimi nina pengo, basi na gitaa liwe nalo," loo, alimkataa! yule mwenye kope za bandia alimkataa nani, hata mpiga ngoma hakumkataa, hata fundi wa vipaza sauti, ukumbi mzima ulijua isipokuwa huyu, na huyu ndiye alirudi nyumbani na poda ya yule kwenye kola, akajitupa kitandani mchana kweupe na kukoroma, gitaa kando yake kama mke mwenza, na chumba cha nyuma sabuni ya mke ya kuuza ilikuwa imeganda kwenye trei, kisu kinaimomonyoa, miche inatoka kama imetafunwa na panya, na wateja wanagonga, ndipo yeye mke akachukua koleo, akachagua, maana kuchagua alichagua, asidanganye nafsi yake, akaukata ule wa tatu, ule aliokuwa akimbembelezea yule mwanamke, akaufunga kwenye vipande viwili vya mpini wa fagio, sabuni ikakatika, jamani, laini kama imepigwa randa, akacheka peke yake, akasema leo ukumbini utaumbuka, bwana wee, huna waya wa akiba wala duka lililo wazi, akakaa kumngoja arudi na aibu yake, kicheko amekiweka tayari, na alichokisikia ni watu wanaimba barabarani, wamembeba juu juu, vidole vyake vilikuwa vimeruka lile pengo usiku kucha kama mtu wa viatu vipya anayeruka mtaro, na watu wakapagawa, santuri ikatoka, wapiga gitaa wakaiga, wakaigwa na wengine, na kope za bandia zikambeba mazima, mpaka vidole vilipopinda zikamrudisha mlangoni na begi, kama chupa tupu... "Na mama je," mtangazaji anamgeukia, "alikuwa anausikiaje muziki wako?", "Huyu?" mzee anakohoa kwa kucheka, "huyu mtu wa sabuni, mwanangu, kwake yeye muziki ni debe likianguka," wanacheka wote wawili, haya, sasa, sasa ndiyo sasa, waya wenyewe uko pale jikoni umening'inia kwenye msumari, bado una mapovu ya asubuhi, amefungua mdomo, anauona uso wa kijana utakavyong'aa, atarukaruka, ataupiga picha, atasema mzee umetuficha kitu kitamu hivi, na mzee atacheka naye, kesho atakuwa anaisimulia vizuri kuliko yeye, atamfanya kibibi kitamu cha kuchekesha, na waya utawekwa ndani ya kioo, na yeye sabuni atakatia nini, maana kila anachompokonya, mtu huyu anazidi kunona, alimnyang'anya waya akampa dunia, alimpa dunia akampa yule mwanamke, hakuna mwingine aliyempeleka kule, ni yeye, kwa koleo lake mwenyewe, miaka yote amekuwa akimlaani mwimbaji na kumbe mshenga ni yeye... "Mama, ulitaka kusema kitu?", "Nilikuwa nauliza sukari, mwanangu," "Kidogo tu, mama," basi wang'oe, vijana wa watu, wang'oe nyaya zao kwa ajili ya kope za bandia, na huyu azikwe ndani ya uongo wake, aote humo, yeye hamtoi, na mzee ameshaachama kama kifaranga, mikono imekunjika mapajani, haishiki kikombe tangu mwaka juzi, kila siku yeye humnywesha, na kila siku huipuliza chai kwanza, anapuliza mpaka mvuke unakwisha, leo ananyanyua kikombe, mvuke unampanda mzee usoni, "Kunywa, bwana," anamwambia, na hapulizi.