Monita Iliyofunikwa Shali

"Unalipeleka dirisha ukutani, Mama Targelia. Monita iko kushoto."

"Najua iliko," alisema Targelia, akaendelea kukisukuma kishale kulia. Dirisha lenye uso wa Abelardo likamezwa na ukingo wa kulia wa laptopu, kisha likaibuka kushoto, kwenye monita kubwa iliyosimama kando ya jeneza.

Hermelinda, binti wa marehemu, alitikisa kichwa. Targelia hakujisumbua kumweleza. Kwa miaka minne monita hiyo ilikaa kulia, lakini asubuhi hiyo jeneza liligeuzwa ili miguu ya Bibi Asunción ielekee mlangoni, kama mtu anayetoka kwake, na monita ikahamia upande wa pili. Laptopu haikuambiwa. Ilishika kilekile ilichoambiwa mara ya kwanza, na Targelia hakujua namna ya kuibadilisha mawazo. Kwa hiyo alikwenda kulia ili kufika kushoto, na kufikia saa nne mkono ulikuwa umeshazoea.

Alikuwa na miaka ishirini na sita katika nyumba ile ya mazishi, pale Biblián, mji mdogo wa milimani. Aliajiriwa kuwasha mishumaa, kubadilisha maji ya maua na kuwavika wafu. Mambo ya kompyuta yalimkuta ukubwani. Watu wa mji walikuwa wamekwenda kaskazini kwa mamia, na wengi hawakuweza kurudi kuzika, kwa hiyo mwenye nyumba alinunua monita ili waliokuwa mbali wakae na marehemu wao. Wilman, fundi wa duka la simu, alimfundisha alasiri moja tu. "Weka wafiwa kwenye kubwa," alimwambia, "na makorokoro yako yote kwenye ndogo. Mgeni haonyeshwi jiko." Siku dirisha likipotea, kulikuwa na vitufe vya kulirudisha. Wilman alivichora kwenye karatasi, na Targelia akaibandika mgongoni mwa monita, kwa sababu ndipo macho yake yalipokuwa kila alipochomeka waya.

Abelardo, mwana wa kwanza wa Bibi Asunción, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake ukuta mtupu. Alikuwa kizuizini, ng'ambo, akingoja kurudishwa au kutorudishwa. Walimpa ziara ya video ya dakika ishirini. Zikiisha zimeisha, na ukikata katikati ni basi hadi wiki mbili zipite. Kwenye pembe ya dirisha lake saa ilikuwa ikihesabu kurudi nyuma: kumi na sita na sekunde kadhaa.

"Nionyeshe basi, Mama Targelia."

"Nitakuonyesha, mwanangu. Wanawake wamalize kwanza. Kabla ya kifuniko nitaibeba laptopu hii mwenyewe, nikupitishe kutoka paji la uso hadi vidole vya miguu."

"Polepole?"

"Polepole. Nakuahidi."

Katika ukoo wao, kazi hiyo ni ya mzaliwa wa kwanza. Ndiye anayemtazama mzazi kwa mara ya mwisho, kuanzia juu hadi chini, na mwingine hawezi kumtazamia. Wanasema asiyefanya hivyo ataendelea kumtafuta marehemu katika nyuso za watu barabarani. Abelardo alikuwa ameliomba jambo hilo tu. Hata ibada hakuiulizia.

Wanaume walitoka. Ulikuwa wakati wa wanawake kumvika marehemu kofia yake, kumfunga kamba ya mafundo kumi na mawili na kumpa sindano, uzi na vitu vyake vya njiani. Targelia alizima kamera, akazima na sauti ya upande wao. Kwenye monita Abelardo aliendelea kuonekana, akisugua viganja, akingoja.

"Na huyu je?" aliuliza Hermelinda.

"Haoni kitu wala hasikii. Nimezima."

"Yeye haoni, lakini sisi tunamwona. Mwanamume ni mwanamume, hata akiwa kaka yangu." Akavua shali yake, akaifunika monita.

Targelia alicheka kidogo, akaenda kumwinua marehemu mabegani.

Sasa, katika nyumba ile, monita iliyofunikwa ni monita iliyomaliza kazi. Targelia mwenyewe ndiye aliyeianzisha desturi hiyo: ibada ikiisha huitupia blanketi, na Mesías, dereva wa gari la maiti, huibeba bila kuuliza. Siku hiyo ilikuwa ikisubiriwa Azogues, mji wa jirani, kwa msiba mwingine, saa sita. Mesías aliingia kwa mlango wa nyuma, kinyumenyume, kofia imeshushwa hadi kwenye pua ili asiwaone wanawake na shughuli yao. Alipapasa, akachomoa waya, akaikumbatia monita na shali yake, akatoka kama alivyoingia. Mesías alikuwa na adabu sana. Wanawake walisikia gari likiondoka, wala hakuna aliyegeuka.

Targelia alipokausha mikono na kutazama kushoto, aliona ukuta.

"Monita iko wapi?"

Hermelinda alitazama meza, akatazama mabega yake mwenyewe yasiyo na shali. "Mesías," alisema.

Sauti ya Abelardo ilitoka kwenye spika ya laptopu, safi kabisa. "Bado naona giza huku. Mama Targelia? Zimebaki kumi."

Targelia aliiendea laptopu. Dirisha la Abelardo halikuwepo. Alichomoa na upande wa pili wa waya, akitumaini kwamba laptopu ikishaona haina mwenzake itayakusanya madirisha yote nyumbani, na kweli, dirisha la rozari iliyorekodiwa lilirudi mbio na kuanza kusali kwa sauti kuu. Akalifunga. La Abelardo halikuja. Kwenye mstari wa chini alama yake ilikuwepo. Aliibonyeza, ikang'aa, ikazimika. Ilikuwa ikifunguka vizuri tu, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena.

"Liko hapa," alimwambia Hermelinda, akionyesha ukingo wa kulia, "huku nje."

"Nje wapi?"

"Huku."

Hermelinda alitazama hewa pembeni ya laptopu. "Zima basi, uanze upya."

"Nikizima tumemkata."

Alijua kuna vitufe. Viwili vya kushikilia, na kimoja cha mshale. Hivyo tu ndivyo alivyokumbuka, na karatasi ilikuwa mgongoni mwa monita, na monita ilikuwa barabarani. Akajaribu viwili vya kwanza vilivyokuja chini ya vidole, akagonga mshale wa chini. Skrini nzima ikapinduka kichwa chini miguu juu.

"Umefanya nini sasa?"

"Sijui. Shika huku."

Wakaigeuza laptopu, wanawake wawili, mmoja ameishika huku na mwingine kule, kitako chake kikitazama dari, ili wapate kusoma. Kishale nacho kikakimbia kinyume. Ilimchukua dakika nzima kugundua kwamba mshale wa juu ungeisimamisha tena. Jasho lilimtiririka mgongoni, na baridi yote ile ya asubuhi.

Alimpigia Mesías mara tatu. Simu iliita hadi ikachoka. Akampigia Wilman, akaambiwa namba haitumiki, ndipo alipokumbuka kwamba Wilman naye alivuka mpaka baada ya kanivali.

"Jamani, mnanisikia?" alisema Abelardo. "Nioneni basi. Napunga mkono."

"Tunakusikia!" alisema Hermelinda kwa sauti, karibu na spika. "Abelardo, tunakusikia!"

"Hakusikii," alisema Targelia. "Nimezima sauti."

"Washa."

"Kitufe kiko kwenye dirisha lake."

Wanaume walikuwa wamerudi, kofia mkononi. Wanne walishika kifuniko. Mmoja alinong'ona kwamba padri ameshatoka mara mbili kuangalia barabara, na mvua inakuja.

"Zimebaki sita," alisema Abelardo. "Au mmeshamfunika? Kama mmeshamfunika niambieni tu. Sitagomba. Mama Targelia, uliniahidi."

Targelia alikaa kwenye kigoda cha mishumaa. Mikono yake, iliyowahi kufumba macho ya nusu ya wafu wa Biblián, haikuwa na la kufanya. Aliona aibu mbele ya Bibi Asunción kuliko mbele ya walio hai. Akashika tena vitufe, akajaribu jozi nyingine, na nyingine. Skrini iliwaka, ikafifia, ikamwonyesha kalenda ambayo hakuiomba.

"Sawa," alisema Abelardo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa ikimwita mtu tena. "Mama, mimi hapa. Kuna kitu nilitaka kukuambia tukionana, nikawa naahirisha. Ile nyumba ya kwenye picha niliyokutumia, ile ya bustani na geti jeupe. Si yangu. Sikuwahi hata kuingia. Nilikuwa napita, nikamwomba mtu anipige picha. Ulikuwa unamwonyesha kila mtu, nikashindwa kukwambia." Kiti cha plastiki kilisikika kikisogea. "Ndiyo hivyo. Nimekaa vyumba vya watu, mama. Watu wazuri."

Wenye kifuniko walitazama sakafu. Hermelinda aliziba mdomo kwa mkono.

Abelardo akaanza Baba Yetu. Alikuwa mtu wa kusali haraka, tangu utotoni mama yake alimgombeza kwa hilo, lakini sasa alikwenda polepole, akiacha nafasi baada ya kila mstari, kama anayewangoja wengine waitikie. Wakaitikia. Chumba kizima kiliitikia, na yeye hakusikia hata mmoja. Hakufika mwisho. Ulilia mlio mfupi, na ziara ikakatika.

Simu ya Targelia ikaita.

"Nimekuta umenipigia mara tatu," alisema Mesías. "Simu ilikuwa kwenye koti. Nimesahau nini?"

"Nyuma ya monita kuna karatasi," alisema Targelia. "Nisomee."

"Sasa hivi? Niko kwenye kona mbaya."

"Nisomee, Mesías."

Alisikika akisimamisha gari, akifungua mlango, akifunua. "Haya. Kuna kitufe kina kidirisha cha vioo vinne. Kuna kingine kina mshale mnene wa kwenda juu. Unavishika vyote viwili. Halafu mshale wa kushoto. Basi. Kuna shida huko?"

Targelia alishika viwili, akagonga mshale wa kushoto mara moja. Dirisha likaingia katikati ya laptopu kwa ulaini, kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akingoja kuitwa. Mahali pa uso wa Abelardo palikuwa peusi. Saa ya pembeni ilikuwa sifuri tupu. Chini yake paliandikwa: *Mgeni ametoka.* Na chini ya hapo kilikuwepo kitufe cha kamera, kimepigwa mstari mwekundu, kilekile alichokizima kwa mkono wake.

Angeweza kulifunga dirisha lile. Lilikuwa chumba ambacho mwenyewe ameshaondoka. Badala yake alikibonyeza kile kitufe, na juu ya laptopu taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Hayupo," alisema Hermelinda.

"Najua."

Targelia aliinyanyua laptopu kwa mikono miwili, akasogea hadi kichwani mwa jeneza. Wanaume walirudi nyuma hatua moja na kifuniko chao. Akaanza kwenye paji la uso, chini ya ukingo wa kofia. Akashuka kwenye macho, pua, kidevu na mkufu wa shanga. Alikwenda polepole.

Kifuani alisita, akataka kuruka. Kati ya sindano na uzi, chini ya vidole vya Bibi Asunción, ilikuwepo picha aliyoagiza azikwe nayo: kijana mbele ya geti jeupe, jua machoni.

Hermelinda alikuja akasimama ubavuni mwake. "Mama alijua," alisema. "Wilman naye alimtumia mama yake picha mbele ya geti hilohilo. Walicheka wazee hao wawili, siku nzima." Akajifuta uso kwa kiganja. "Usiruke. Mwonyeshe na mikono."

Targelia akaishusha laptopu karibu zaidi na vidole vilivyoshika picha, akaituliza hapo. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga mabati, na hakuna aliyemharakisha. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka, na miguu ilikuwa bado haijafikiwa.