Hisa za Mishumaa

Mwaka wa 1979 Eulalie alikuwa akifundisha hesabu katika lise moja ya wasichana Bukavu. Mume wake, Bisimwa, alikuwa karani wa serikali mwenye abakosti tatu, zile suti za wakubwa zisizovaliwa tai, na mdomo wa waziri. Walikuwa wameuza ng'ombe wa urithi kule Nyantende, na Bisimwa akataka pesa yote iingie kwenye hisa za kiwanda kipya cha biskuti.

"Bibi, angalia bilan yao, hii karatasi ya hesabu. Faida iko inapanda kila mwaka!"

"Iko inapanda ku karatasi. Ulishaona mutu ananunua hiyo biskuti?"

"Mimi nilikula."

"Walikupa bure, muzee, na ikakuvunja jino."

Jumamosi Eulalie akavaa kitenge cha misa akaenda kiwandani mwenyewe. Mkurugenzi, mtu ambaye tumbo lake liliingia ofisini kabla yake, akamkaribisha kwa bia na mishikaki. Eulalie akala, maana hakuwa mjinga, kisha akaanza kuuliza. Unga unatoka wapi? Ulaya. Fundi wa mashine ni nani? Mbelgiji mmoja. Yuko wapi?

"Alisharudia kwao," akasema mkurugenzi, akaagiza mishikaki mingine.

Eulalie akaona kwamba kitu pekee kinachotengenezwa pale bila kukatika ni mishikaki.

Kutoka hapo akapanda hadi mtaa wa Kadutu, kwenye banda la mabati la Maman Godelive, aliyewahi kuwa sista na ambaye siku alipovua kitambaa aliondoka na ufundi wa kutengeneza mishumaa. Naye alikuwa anatafuta watu wa kununua hisa.

"Nani ananunua mishumaa yako?" Eulalie akauliza.

"Mungu na giza. Bwana Mungu anataka mabuji ya kuwasha kila siku ya misa, na umeme, unaijua mwenyewe."

"Na wewe ukikufa, nani ataongoza kazi?"

"Binti yangu Monique. Anajua yote."

"Sista alikuwa na binti?"

"Unafikiri niliacha usista juu ya nini?"

Eulalie alicheka mpaka akakaa juu ya kreti. Mtu asiyeficha hilo, akawaza, hawezi kuficha hasara. Akanunua hisa kwa pesa ya ng'ombe.

Bisimwa alinuna wiki nzima. Mwanaume wa abakosti, mwenye hisa za mabuji! Na mwisho wa mwaka, Maman Godelive alipogawa faida kwa kreti za mishumaa kwa sababu pesa taslimu haikuonekana mjini, Bisimwa alicheka kwa nguvu hadi majirani wakasikia. Kreti zilijaa mpaka chini ya kitanda.

Mara baada ya Krismasi, redio ikatangaza kwamba noti kubwa zimekufa, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa mfupi mno. Mbele ya benki watu walikanyagana. Mkurugenzi wa biskuti alionekana pale amekumbatia sanduku la noti, analia kama mtoto. Lakini giza lilikuja jioni kama kawaida, na majirani wakabisha hodi kwa Eulalie na maharagwe, makaa, hata mbuzi, wakitaka mishumaa. Bonane ile, sikukuu ya mwaka mpya, walikula hadi wakachoka.

Kupitia dirisha Eulalie alimsikia Bisimwa uani akiwaeleza wageni jinsi yeye, baada ya uchunguzi mrefu, alivyochagua ile kampuni. Hasira ilimpanda, akataka kutoka amkatize. Halafu akaona jinsi mume wake alivyokuwa na furaha, akamwacha aendelee. Akamwita baadaye kidogo tu, aje aoshe sufuria.