Kofia Yenye Mstari Mwekundu

Haya aliniambia mjukuu wangu Cheche, Jumanne iliyopita asubuhi, tukianika nguo uani. Jina la Cheche kapewa na baba yake, mwanangu wa pili, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mabehewa ya treni. Alimfundisha kazi mwenyewe, hapahapa uani, akawa anawatambia majirani, "Huyu kanishinda mkono."

Lakini mkono bila kazi ni mkono tu. Cheche aliomba pale karakana mara mbili. Mara ya kwanza wakamwambia hawana choo cha wanawake. Mara ya pili hata hicho choo hawakukitaja.

Akaja meneja mpya, akakuta mafundi wote ni ndevu tupu. Akataka kutangaza nafasi nne za wanawake peke yao. Sheria inakataza kubagua mtu kazini, awe mwanamume awe mwanamke. Ila sheria hiyohiyo, Cheche alinieleza, imeacha mlango mdogo: pale wanawake walipofungiwa nje miaka na miaka, mwajiri anaweza kuomba kibali cha kuwatafuta wao tu. Na kabla ya kukitoa, ofisa wa serikali huja kuwasikiliza wafanyakazi.

Ofisa huyo alikuja Jumatatu, siku moja kabla ya kuanika zile nguo. Wasichana walikuwa wamejaa nje ya geti la wavu, wakitaniana.

"We mwenzangu, na hivyo viatu umekuja kuchomelea au kuposwa?"

"Vyote viwili, nisije nikakosa kimoja!"

Cheche alicheka nao. Moyo wake ulikuwa umetulia, baba yake yumo ndani.

Mkutano ulikuwa palepale nyuma ya wavu. Mwenyekiti wa wafanyakazi alisema wanaopinga wainue kofia, maana mikono inachanganyika. Kofia ngumu za kazi, za bluu, zikapanda. Kati yao moja ilikuwa na mstari mwekundu. Mstari huo Cheche aliupaka mwenyewe, ili mafundi wenzake wasimchukulie baba kofia yake.

"Nikajua kaibiwa, bibi. Nikasema, nani huyo kainua kofia ya baba?"

Ofisa naye aliiona. Akauliza, "Mzee, nasikia una binti anayeijua kazi hii. Anaiweza?"

Mwanangu akajibu neno moja: "Bado."

Ofisa akasema kama baba mzazi ndiye anayesema hivyo, basi kibali kingoje, wanawake wafundishwe kwanza. Geti halikufunguliwa. Yule mwenye viatu alimshika Cheche bega akamuuliza, "Yule ni nani yako?" Cheche akasema, "Simjui."

Tulikuwa bado na nguo mkononi baba mtu alipoingia. Usiku kucha alikuwa zamu. Akaketi kwenye ngazi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanao ana swali."

Cheche hakupaza sauti. "Baba, 'bado' ni nini?"

"Mwanangu, wangesema nimekuingiza kwa mlango wa nyuma. Wale nitakula nao, nitazeeka nao. Nilitaka uingie kwa haki, kama mwanamume yeyote."

"Ule wa mbele nimeugonga mara mbili. Ulikuwa ndani. Ulinifungulia?"

Akanitazama mimi, kama alipokuwa mdogo kavunja kitu. Nimezaa, nimelea, nimesubiri mengi; kusubiri nakuweza. Nikaendelea kuanika.

"Wewe ulisema nimekushinda mkono," Cheche akasema.

"Umenishinda."

"Basi ungemwambia yule ofisa."

Mwanangu akainuka. Akaingia ndani akajilaza, viatu vyake vikabaki mlangoni. Chumba chake kinatazama uani, na dirisha lilikuwa wazi.

Cheche akaiokota kofia pale ngazini. Akachukua msasa ule waliokuwa wakisugulia vyuma, akaanza kuusugua ule mstari. Kwaru, kwaru, kwaru. Vumbi jekundu likamwangukia mapajani. Sikumkataza.

Alipomaliza aliinua kofia juani, bluu tupu, kama za wenzake wote. Akaiweka juu ya viatu vya baba yake, akaenda kujilaza chumbani kwangu, usingizi ukamchukua na vumbi mikononi.

Nilipochungulia dirishani, mwanangu alikuwa macho. Alikuwa ameusikia msasa wote.

"Kamaliza?" akaniuliza.

"Kamaliza."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale pale mpaka pumzi zake zikawa nzito.