Wiki Sita za Mlima

Wapo watu wanaojulikana kwa sura na wapo wanaojulikana kwa mali. Mimi nilijulikana kwa namba. Chuoni waliniita Dokta Wiki Sita, na mlimani, wanakoishi mama na kaka yangu, watoto waliniita hivyohivyo, ila udokta waliuacha.

Namba yenyewe niliipata zamani, nikiwa bado na kiuno. Mlima wetu ni volkano, umelala tangu kabla babu hajazaliwa, na kazi yangu ilikuwa kuyauliza mawe yake: ulipoamka mara ya mwisho, uliamkaje? Ndani ya mawe hayo mna fuwele ndogo za kijani. Magma mpya ikiingia chini ya mlima, kingo za fuwele huanza kubadilika, na mabadiliko hayo hupenya ndani polepole kadiri siku zinavyokwenda, mpaka mlima ulipuke na kila kitu kigande kilivyo. Ukipima upana wa ukingo uliobadilika, unajua zilipita siku ngapi tangu magma ilipoingia mpaka ilipotoka. Nilipima, nikapiga hesabu, nikapata wiki sita. Yaani siku vyombo vyetu vya kupimia mitetemo vitakaposikia magma mpya inaingia, watu watakuwa na wiki sita za kuondoka.

Makala ile ilinukuliwa na watu wa mabara yote, na baadhi yao nasikia waliisoma kabisa. Nikaalikwa kwenye mikutano, na kila mkutano nilionyesha picha ileile ya fuwele ileile, na kila mara kulikuwa na mtu wa mstari wa mbele aliyetikisa kichwa kwa mshangao. Nikapata ofisi yenye dirisha. Nikapata maadui wawili wa kudumu, jambo ambalo katika taaluma yetu ni dalili ya mafanikio. Miaka ishirini na miwili nimekula kwa mgongo wa fuwele zile.

Serikali nayo haikutaka kupitwa. Ilizichukua wiki zangu sita ikatengeneza Mpango wa Dharura wa Mlima, ukabandikwa ukutani kwenye kila shule, zahanati na duka la huko juu. Wiki ya kwanza: kuunda kamati. Wiki ya pili: semina elekezi kwa wajumbe wa kamati. Wiki ya tatu kuhesabu kaya, ya nne kuhamisha mifugo, ya tano wazee na wagonjwa, na ya sita waliobaki. Chini kabisa, pichani, niko mimi, natabasamu. Mwenyekiti wa kamati hiyo ambayo bado haijaundwa alikuwa kaka yangu, maana hata kamati isiyokuwepo haikosi mwenyekiti.

Basi mwaka ambao jina langu lilipelekwa kwenye kamati ya vyeo, kwa ajili ya uprofesa, kitumbua changu kikaingia mchanga. Aliyeutia ni fundi wetu wa maabara.

Fundi alikuwa seremala kabla ya kuja kwetu. Kazi yake ni kukata mawe kwa msumeno wa almasi, kuyasugua mpaka yawe membamba kiasi cha mwanga kupenya, na kuyabandika kwenye vioo ili sisi wenye shahada tuyaangalie. Amenikatia mawe miaka kumi na minne. Katika makala zangu nimewashukuru wafadhili, wahakiki, na mume wangu kwa uvumilivu wake. Fundi nilimshukuru mara moja, nikakosea jina lake.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimempa vipande vyangu vya zamani avisafishe, nipate vya kuwaonyesha wanakamati. Nikamkuta ameinamia hadubini.

"Dokta," akasema, "hizi fuwele hazina nyuzi?"

"Nyuzi gani?"

"Kama za mbao. Ubao ukiuloweka, maji yanafuata nyuzi, yanapenya upesi. Kwa ubavu yanachelewa. Sasa kwa alama zako hapa naona umepima kwa kufuata urefu wa fuwele, karibu zote. Lakini kwenye makala umepiga hesabu kama mtu aliyepima kwa ubavu."

"Umesoma makala yangu?"

"Nakata mawe miaka yote hii. Nilitaka kujua yanakwenda wapi."

Nilimweleza kwa ule upole tunaoutumia kwa watu ambao hawakusoma, kwamba makala ile ilipita kwa wahakiki watatu, mmoja wao mkali sana. Kisha nikaingia ofisini, nikafunga mlango, nikatoa daftari. Kwamba katika fuwele hizi mabadiliko hupenya kwa urefu haraka mara sita kuliko kwa ubavu ni jambo linalojulikana. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu hufundishwa, na anayewafundisha ni mimi. Wiki sita ukizigawa kwa sita hazihitaji shahada. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa siku saba.

Siku tatu nilipima upya, fuwele mojamoja, nikitafuta hata moja ya kunitetea, na hazikuwa na huruma nami. Siku saba. Na katika siku hizo saba watu wa mlimani, kwa mujibu wa ukuta wa zahanati, wangekuwa wanaunda kamati. Mama yangu, ambaye magoti yake yamegoma, alikuwa amepangiwa wiki ya tano.

"Uliona sawa," nikamwambia Fundi siku ya nne.

"Sasa tunawaambia lini watu wa kule?"

"Nitaandika marekebisho kwenye jarida. Ila mambo haya yana utaratibu, Fundi."

"Utaratibu wa siku ngapi?"

"Kamati ya vyeo inakaa wiki ijayo. Ikishapita tu."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Sawa, Dokta. Mimi kazi yangu kukata."

Niseme wazi kwamba niliogopa. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuweka mezani mbele ya kamati ile kilikuwa namba ambayo sasa ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo nikavaa miwani ya mbao. Nilijiambia vyombo viko kimya. Nilijiambia mlima uliolala tangu kabla ya babu hauwezi kuamka eti kwa sababu mimi nasubiri barua. Hizo ndizo hoja za mwanasayansi. Halafu kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nilimpigia mama simu.

"Mmeamkaje, mama? Hakuna kilichotikisika?"

"Nini kitikisike?"

"Vyombo kabatini, labda."

"Wewe umeanza lini kujali vyombo vyangu?"

Kamati ya wiki ijayo iliahirishwa, mwenyekiti alikuwa safarini kwenye mkutano kuhusu matumizi bora ya muda. Tukasogea mpaka wiki iliyofuata. Nilikaa mbele ya watu watano na jagi la maji. Mwenyekiti, profesa wa uchumi mwenye kalamu nne mfukoni, alilipekua faili langu kama mtu anayetafuta picha.

"Dokta, kwa kifupi tu. Mchango wako kwa jamii ni upi?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pake. Nilifungua mdomo, na kweli nilidhani nitasema.

"Wiki sita," nikasema.

Wote watano wakatabasamu, wakaandika.

Siku mbili baadaye barua ilitoka, na kitivo kikanifanyia hafla katika ukumbi mdogo. Kulikuwa na keki ya umbo la mlima, sukari nyekundu ikiteremka ubavuni. Mkuu wa kitivo, ambaye hajawahi kukaa na mimi zaidi ya dakika kumi, alisema wasomi wengi huipa jamii maneno lakini mwenzetu huyu ameipa muda. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikata ile keki kuanzia kileleni, nikagawa, nikacheka kila palipohitajika kicheko. Kama kuna shahada ya kufa na tai shingoni, siku ile nilifuzu kwa daraja la juu.

Fundi hakuja. Nilimkuta maabara, msumeno umefunikwa, anafunga begi.

"Hukuja kula keki."

"Nimeomba ruhusa ya siku mbili, Profesa. Nakwenda mlimani kesho."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia. Mimi sina cheo cha kusubiri."

"Fundi, wewe ni mkata mawe. Nani atakusikiliza?"

"Huenda asiwepo," akasema. "Ndiyo maana nilikungoja wewe kwanza."

Nikamwambia asubuhi nitampitia na gari.

Asubuhi tukapanda mlimani. Nilikuwa nimempigia kaka akusanye watu, sikumwambia ni kwa ajili ya nini, naye akadhani nakuja kuonyesha uprofesa. Wakajaa darasa moja la shule, kama watu sitini, wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mama alipewa kiti chenye mgongo mbele kabisa kwa sababu ya magoti. Mpango wa Dharura ulikuwa ukutani pembeni ya ubao. Fundi alisimama nyuma, karibu na mlango.

"Utafiti mpya umeonyesha," nikaanza.

Maneno hayo ni matamu sana. Hayana mtu ndani yake. Hakuna aliyekosea wala aliyekaa kimya, ni utafiti tu umeamka asubuhi ukaonyesha. Niliwaeleza habari ya ubao na nyuzi zake, maneno ya Fundi yaleyale bila kumtaja, na wakaelewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Nikawaambia wasihesabu wiki sita tena. Vyombo vikisikia magma inaingia, wana siku saba, na huenda zikapungua.

Nilitarajia kelele. Kaka yangu aliinuka, akaenda ukutani, akaubandua Mpango, akaukunja mara nne. "Basi huu haufai," akasema. "Wazee na wagonjwa siku ya kwanza. Mifugo watakaowahi watawahi. Na kamati tuiunde leo hapahapa, kabla hamjatoka." Mwalimu mmoja mstaafu akasimama kunishukuru kwa niaba ya wenzake, kwamba wasomi wengine wangeyaacha mambo kwenye makabati, lakini mimi nimewaletea habari ingali ya moto. Nikazipokea shukrani zile. Nikainamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu. Kule nyuma Fundi alikuwa akijitazama vidole.

"Huo utafiti mpya," mama akauliza kutoka kwenye kiti chake, "umetoka lini?"

Ningeweza kusema juzi. Fundi asingenipinga, hakuwa mtu wa kumuumbua mwenzake mbele za watu. Mama alikuwa akinitazama bila haraka yoyote, mikono juu ya magoti.

"Siku kumi na tisa zilizopita, mama."

Mama hajui fuwele ni nini, ila kuhesabu anajua. "Wiki mbili na siku tano," akasema. "Mlima ungeweza kuja ukatumaliza, ukapumzika, ukarudi tena."

Yule mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa bado amesimama, akakaa.

"Kwa nini hukusema siku ileile?"

"Nilikuwa nasubiri kamati, mama. Ya uprofesa."

"Na wamekupa?"

"Wamenipa."

"Hongera, mwanangu," akasema, na akamgeukia kaka kumuuliza hiyo siku ya kwanza wataanza na nyumba ipi.