Sala ya Mlangoni

Muuguzi yule alikuwa na mkono mwepesi, lakini wagonjwa walimkimbia. Kazi hii aliipata ukubwani, baada ya kusoma madarasa ya jioni huku akilea watoto, na hakuchoka kumshukuru Mungu kwayo. Basi kila alipoinua sindano ya kutolea damu, alifumba macho akanong'ona, "Ee Bwana, mshike mja wako huyu." Kisha, kwa huruma tupu, akamwambia mgonjwa, "Pole, itauma kidogo."

Mtu akisikia anaombewa kwa ajili ya kipimo cha damu, hudhani yake yamekwisha. Wengi walijikaza mpaka mishipa ikajificha. Fundi mmoja wa mapaa, asiyeogopa kimo chochote, alitoka mbio na mpira wa kufungia mkono ukiwa bado umemkaba.

Muuguzi mkuu akamwita. Akamwambia hamkatazi kusali, ila mgonjwa akitajiwa maumivu huyatafuta mpaka ayapate. Akitoroka mmoja tena, yeye atarudishwa kwenye dirisha la mapokezi, kazi yake ya zamani, kuandikia wagonjwa kadi.

Kesho yake, wa kwanza kuingia alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, msusi mwenye mdomo, mimba imeshakua naye bado anakikwepa kipimo cha damu.

Muuguzi akasimama nje ya mlango, akasali sala yake yote huko huko mpaka Amina. Ndipo akaingia.

Wifi alikuwa ameukumbatia mkono wake kana kwamba unataka kuibiwa.

"Wifi, nitakuambia kila ninachofanya," alisema muuguzi. "Ukisema ngoja, nangoja. Sasa nakufunga mkono. Hii ni pamba, ina ubaridi."

Neno "pole" likamfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza, akainamisha kichwa. "Hebu nitazamie nywele hizi. Siku ile ulikuwa na wateja wengi, nikasukwa kwa jirani yako."

Wifi akaduwaa. "Kwa yule?" Akaanza: mistari imepinda kama njia ya ng'ombe, na huku mbele ameacha uwanja wa nini?

"Naingiza sasa," alisema muuguzi taratibu.

"Ingiza. Lakini hapa kisogoni alikusuka au alikufunga mzigo?"

Kichupa kikajaa. Muuguzi akachomoa, akabandika plasta. Wifi akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akakiri kwamba alisikia kitu kama kufinywa, basi; kilichomuuma hasa ni zile nywele.

Muuguzi mkuu, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta kalamu, akaenda zake akitabasamu.

"Ila wifi," alisema msusi akivaa viatu, "mbona leo hukuniombea?"

"Nimekuombea nje."

"Basi rudi ukajiombee na wewe, kwa kunisaliti. Jumamosi uje nikufumue. Na nakuambia mapema, wifi yangu: itauma."