Kiti cha Wifi

Kila Jumamosi saa kumi alasiri wanawake waliouawa walipanda ngazi hadi kwa Marion, ghorofa ya tatu, mtaa wa Kilburn, huko ng'ambo. Walivua viatu mlangoni, wakaketi kwenye viti alivyoazima kanisani, wakangoja zamu. Juma zima Marion alikuwa nesi. Jumamosi alijaza jedwali la wanawake Wamasai, Wasamburu na Waogiek waliouawa huko Kenya, kwani hakuna ofisi iliyokuwa ikiwahesabu. Kila jina lilidai mambo mawili: habari iliyochapishwa na neno la mtu wa kwao.

"Hapo umeandika panga," mmoja alimwambia. "Ilikuwa shoka." Marion akasahihisha. Dada wa watu akashukuru, akateremka kungoja basi, na hakurudi tena.

Aliyerudi kila wiki tangu Machi ni Naisula, mke wa Bonface, kakake Marion aliyeko Nairobi. Neno la kwao lilikuwepo: mamake alituma ujumbe wa sauti, akaeleza jinsi bintiye alivyopigwa mpaka akafa. Kilichochapishwa ni tangazo la mazishi tu, na aliyeliandika ni Marion, hapohapo mezani, kama waandikavyo watu wa heshima: "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Alijua ukweli alipoliandika. Sasa nesi mzima, aliyekwisha osha maiti wengi, alishindwa kumtazama huyu mmoja usoni.

"Wifi, andika tu," Naisula alisema. "Ni neno moja."

Marion akaandika: alipigwa. Simu ikalia. Alikuwa Bonface.

"Sista, nimepata mtu wa kuoa. Ni Msamburu pia. Wazazi wake waliuliza yule wa kwanza alikufa na nini, nikawatumia lile tangazo lako. Wametulia. Asante sana, umenijenga."

"Sawa," Marion alisema.

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu. Hawasemi damu ya nani. Marion alilifuta lile neno, akaandika: ugonjwa.

Naisula hakulalamika. Alimaliza chai, akasuuza kikombe, kisha akavuta kiti kitupu na kukiweka kando ya chake.

"Huyo mwenzangu naye atahitaji pa kukaa," alisema.

Marion akachukua kitambaa, akakipangusa kile kiti vumbi.