Fundi Cherehani na Sala za Bibi Yake

Jumamosi fundi cherehani alifunika mashine yake kwa kipande cha shuka, akafunga kibanda mapema, akaenda ofisi ya parokia kusali mbele ya katekista. Ndivyo ilivyokuwa parokia ile: anayetaka kuwa mama wa ubatizo sharti kwanza asikike akisali. Mdogo wake wa kiume alikuwa amepata mtoto baada ya kungoja sana, na fundi, ambaye hakujaliwa wa kwake, alikuwa ameshashona gauni la ubatizo. Hakuna alichotamani maishani kama kumshika mtoto yule akimwagiwa maji.

Katekista, mtu wa kunyoosha kola hata ya shati la jirani, alimwonyesha kiti. Fundi akaanza Baba Yetu. Alipofika “ufalme wako ufike”, kama marehemu bibi yake alivyomfundisha, aliinuka shubiri moja juu ya kiti. Katekista alisubiri amalize.

“Hapa tunasema ‘ufalme wako uje’,” alisema. “Shuka, mama, tuanze upya.”

“Mwalimu, si ufalme ule ule?”

“Ule ule. Lakini tuseme pamoja.”

Kwenye Salamu Maria ndiyo ikawa balaa. Wenzake walizoea “Bwana yuko nawe”. Bibi alisema “Bwana yu nawe”, na kabla ya hapo aliivuta “neema” mpaka pumzi imwishie. Fundi alivuta vivyo hivyo, kichwa kikagusa dari. Katibu wa parokia, aliyekuwa akipita na chai, alimwomba aondoe utando wa buibui, maadamu yuko huko huko. Akauondoa.

Kupaa hakukuwa kitu kwake. Bibi alipaa kila jioni akishona vifungo, akateremka tu kuangalia chungu jikoni.

Wiki nzima fundi alijifunza maneno ya katekista huku akikanyaga cherehani. Akarudi ofisini, akasali bila kasoro, ametulia kitini kama gunia la unga. Katekista alifurahi kwa dhati, akampa mkono.

“Hongera, mama wa ubatizo!”

Fundi alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani, watu wakamwacha acheke. Alipokaa kitandani alitaka kuikumbuka sauti ya bibi ili amsimulie, akakuta haipo. Uso ulikuwepo, mikono ilikuwepo, sauti hakuna. Alilia sana. Kisha akasali kwa maneno ya zamani, polepole, na alipokuwa katikati ya dari na kitanda sauti ikarudi na kikohozi chake, ikimgombeza: “Ulikuwa wapi wewe?”

Kesho yake alikwenda kwa katekista.

“Naomba radhi, mwalimu. Ile ya jana siwezi tena.”

“Humtaki mtoto?”

“Mtoto namtaka sana. Sala ndiyo siwezi kuibadilisha.”

“Basi haiwezekani, mama,” katekista alisema kwa upole, akamteua jirani wa mdogo wake, mwuza viatu, ambaye sala zake hazikumwinua popote.

“Dada, ni neno moja tu,” mdogo wake alilalamika. “Litakupunguzia nini?”

“Litanipunguzia bibi.”

Siku ya ubatizo kanisa lilikuwa limejaa na watu walikuwa na furaha. Fundi aliwekwa viti vya nyuma, pasipo na feni, asije akaumia. Mwuza viatu alimshika mtoto ndani ya lile gauni, maji yakamwagwa, mtoto akapiga chafya, watu wakacheka. Fundi naye alicheka, akinyoosha shingo kulitazama gauni alilolishona.

Ikaja Baba Yetu. Waumini wote wakasema “uje”, yeye akasema “ufike”, akapanda juu ya vichwa vyao. Mwanamke mmoja aliyekuwa akijipepea alimwomba afungue dirisha la juu, joto limezidi. Akalifungua, akaendelea kusali.

Mtoto alimwona. Alicheka, akamnyooshea shangazi yake mikono yote miwili, na taratibu akaanza kuinuka kutoka kwenye mikono ya mwuza viatu, gauni likining'inia chini ya miguu yake. Mwuza viatu alimvuta kwa pindo bila kukatisha sala. Katekista alisogea na pini mbili, wakamfunga mtoto vizuri kwenye shuka alilojitanda mwuza viatu.